Alama ya Vidole Vinne

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea uhandisi wa vifaa vya ujenzi hapa chuo kikuu Dodoma. Mimi huandika makala. Katika ukoo wetu yeye ndiye anayejua kwa nini vitu havianguki. Mimi hueleza, kwa maneno mengi, kwa nini vimeanguka. Kwa hiyo alipokuja nyumbani na kusema, "Shikamoo mjomba, nina shida na wewe," nilifurahi kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Alikuwa anatengeneza matofali ya udongo yasiyo na saruji, yenye majivu ya pumba za mpunga kutoka Bahi, na alitaka kuyalinganisha na udongo uliokwisha kukaa ukutani miaka mingi. Aliomba vipande vitatu vya tembe la mama yangu kule Zuzu, nyumba ambayo hakuna aliyelala ndani yake tangu tumzike.

"Ukuta chagua wewe, mjomba. Ila uwe mkavu."

Nilichagua wa jikoni, karibu na mafiga, ambako mvua haikuwahi kufika. Nikaugongagonga kwa kidole kama mnunuzi wa tikiti maji pale sokoni Majengo, nikatikisa kichwa kitaalamu. Sikukumbuka, au niliona afadhali nisikumbuke, kwamba ukuta ule mama hakumwachia mtu. Kila mwaka mvua zikiisha aliukandika upya kwa viganja vyake mwenyewe.

Tulikata vipande vyetu. Wiki iliyofuata ukuta uliobaki ukaanguka.

Siku ya kupima nilialikwa maabara. Fundi, mtu wa rika langu aliyevaa koti la buluu, aliweka kipande cha kwanza kati ya sahani mbili za chuma. Mashine ilinguruma, namba zikapanda, udongo ukapasuka. Mara chumba kikajaa harufu ya moshi wa kuni.

Fundi aligeukia dirishani. "Nani anapika?"

Hakuna aliyekuwa anapika. Ilikuwa mioshi ya jikoni kwa mama, iliyofungiwa humo tangu nikiwa mtoto. Kipande cha pili nacho kikapasuka, na harufu ikazidi. Nilijikuta nasikiliza kama kuna atakayeniita nikachote maji.

Fundi akachukua cha tatu na kukipiga brashi kuondoa masizi. Tabaka la juu la udongo likabanduka pamoja na masizi, na chini yake kulikuwa na mkono: kiganja, na vidole vinne ukihesabu na gumba. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Cha mama kilichukuliwa na mundu kabla sijazaliwa.

"Simamisha," nikasema.

"Mzee, hapa hatuchinji mtu," fundi akacheka. Aliponitazama usoni akaacha.

Nikamwambia mpwa wangu ni mkono wa nani. Yeye alizaliwa bibi yake akiwa ameshafariki. Akapiga picha kwa simu, kisha akasema taratibu, "Vipande viwili havitoshi, mjomba. Msimamizi wangu atanirudisha mwanzo."

"Tukakate kingine."

"Wapi? Vyote lazima vitoke ukuta mmoja, nao si umelala chini?"

Akavua glavu moja, halafu ya pili. "Basi tuache. Nitatafuta nyumba nyingine, nianze upya mwakani. Bibi ni bibi."

Nilitaka kumshukuru. Badala yake nikanyoosha mkono kuaga ile alama, na kabla ya kiganja changu kugusa udongo nikaona kidole changu cha mwisho kimejikunja ndani. Sikukikunja mimi.

Ndipo nikakumbuka. Nilipokuwa mdogo nilikandika naye, na nilikunja kidole ili mkono wangu ufanane na wake. Kaka zangu walinicheka: "Tazameni, mama mdogo huyo!" Mama hakucheka. Alinisogezea udongo.

Alama ilikuwa ndogo. Lakini na mama alikuwa na mikono midogo. Nikasimama pale, msomi mzima, nikiwa sijui ninamwokoa mama au ninajiokoa mimi, na binti wa watu amevua glavu kwa ajili yangu.

"Vaa glavu," nikamwambia. "Endeleeni."

"Una hakika?"

"Sina. Endeleeni."

Kilivumilia kuliko vile viwili. Namba zilipanda hadi fundi akanong'ona kitu, kisha mkono ukagawanyika katikati, na harufu ya moshi ikatoka yote.

Tasnifu yake imekubaliwa. Humo ndani kuna sampuli ya tatu, nguvu yake na uzito wake. Ile picha aliyopiga alinitumia. Yanaonekana masizi na kivuli cha brashi, mkono hauonekani.

Sasa nikiketi kuandika, naweka kiganja cha kushoto mezani kushikilia karatasi. Kidole cha mwisho hujikunja. Nakikunjua. Nikimaliza sentensi na kutazama tena, kimesharudi ndani.