Karatasi ya Mama

Mwanangu, wewe unayejiandaa kwenda kwa yule nabii wa Bunju, keti kwanza nikusimulie langu. Nakumbuka Jumapili moja, enzi hizo nahudumu kwa nabii mwingine kule Mbagala, kwenye kanisa la mabati. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni. Nawapa viti, nawauliza wanatoka wapi na wanaumwa nini, naandika kwenye karatasi, kisha naipeleka ofisini kwa nabii kabla ya ibada. Tuliambiwa ni karatasi za maombi, nami sikujisumbua kuuliza zaidi. Nilikuwa kijana, navaa suti, napishwa njia, kichwa kilinivimba.

Jumapili hiyo nilimleta mama yangu, mgonjwa wa presha. Karatasi yake niliijaza mwenyewe, nikaandika hata Kabula, jina alilokuwa akiitwa na marehemu bibi tu.

Katikati ya ibada nabii akanyamaza. Spika zikabaki zinaunguruma. Akafumba macho, akaita taratibu kwa sauti ya kikongwe: "Kabula... Kabula mwanangu, njoo."

Mama akapiga ukunga. Na mimi, niliyeliandika jina lile kwa mkono wangu, nywele zilinisimama, nikaamini kabisa kwamba bibi yuko pale. Hilo linanitisha mpaka leo.

Nabii akamnong'oneza mama sikioni, na mama akaziacha dawa zake madhabahuni.

Tulipofika nyumbani nilipiga magoti. "Mama, lile jina niliandika mie. Nisamehe. Twende tukachukue dawa nyingine."

Hakukasirika. Alitabasamu tabasamu nisilolijua, akanishika shavu.

"Nabii kashaniambia," akasema. "Kasema wa tumboni mwangu atakuja kunizuia leo hii hii, na atadai jina kaliandika yeye. Pole, mwanangu. Nitakuombea."

Mlango wa kumfikia mama ulikuwa umefungwa kabla sijabisha. Hakumeza tena kidonge. Tulimzika kabla ya Krismasi, na mpaka anapoteza kauli alikuwa akinihurumia mimi.

Mwanangu, sikukatazi kumwomba Mungu. Mimi mwenyewe namwomba kila asubuhi. Lakini mtu akikutajia siri yako, jiulize uliisema kwa nani. Akikwambia kwamba wanaokupenda watakuja kukupinga, ondoka hapo hapo, hata viatu viache. Na dawa za hospitali, meza.

Mungu akutangulie, akulinde, akuachie masikio ya kuwasikia watu wa nyumbani kwako. Na siku nikija kukuzuia, nakuomba, usinitabasamie.