Mafuta ya Jua

Juzi, kwenye duka la dawa mjini Nyeri, nilinusa mafuta ya jua nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, ya kuchuma kahawa Mukurweini. Mama alimpaka dada yangu Wanjiru, mwenye ualbino, polepole, mpaka uso ukawa kama umemwagiwa unga. Mafuta ya nguruwe yalitoka kwa nguruwe. Haya basi, niliwaza, yamekamuliwa kwenye jua lenyewe. Nikaona wivu.

“Ati ni ya Wanjiru peke yake?”

“Wewe ngozi yako iko na mafuta yake ndani,” Mama alisema.

Nilijikuna mkono nikiyatafuta. Nilipata vumbi.

Leo najua zinki iliyomo kwenye mafuta hayo huzuia miale ya jua isiunguze ngozi, na kwamba Mama alisema kweli: rangi ya ngozi yangu ndiyo kinga yake. Lakini vile vidole vyake shavuni mwa Wanjiru, bado navionea wivu.