Miji Ishirini na Mitatu ya Olinda

Wilmar Bidegain alioka mikate kwa miaka thelathini na minane katika nyumba ile ile ya pembeni, mtaa wa tatu kutoka mtoni, mjini Salto, nchini Uruguay. Mwezi wa nane wa mwaka 1996 aliwauzia duka vijana wawili wa mji jirani wa Paysandú. Alidhani kazi iliyobaki ni kulala mpaka jua litoke na kunywa mate, ile chai ya majani ya kwao, barazani bila haraka. Mkewe alikuwa na lake moyoni. Siku ya tatu, walipokuwa wanamalizia dengu, Olinda alipangusa mikono, akafungua droo ya vijiko, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Soma,” akasema.

Wilmar akavaa miwani. Ilikuwa orodha ya miji. Barcelona, Malmö, Sydney, Roma, Geneva, Melbourne, Leningrad. Akahesabu kwa kidole mpaka ishirini na mitatu.

“Hii nini? Mashindano ya mpira?”

“Safari. Nimesoma gazetini kuna tiketi moja inakuzungusha dunia nzima. Unatokea mlango huu, unaingilia ule. Tunakwenda, mzee wangu.”

“Mimi? Mimi niliyefika Montevideo mara mbili tu, na mara moja kwenye hizo nilipelekwa nikiwa mgonjwa?”

“Wewe. Mwingine nitampata wapi saa hizi?”

Salto si mji wa kuficha jambo. Kesho yake asubuhi mwuza nyama alimpokea Wilmar kwa kicheko. “Ati unazunguka dunia? Wewe hata mtaa wako hujawahi kuuzunguka!” Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, na Wilmar akacheka nao, maana ilikuwa kweli tupu.

Wakala wa usafiri pekee aliyekubali kuwasikiliza alikuwa Mireya, mama wa miaka thelathini na kitu, mwenye ofisi ya chumba kimoja katika barabara ya Uruguay. Alizoea kuuza safari za kwenda Brazili kuogelea na za kwenda Buenos Aires kutibiwa macho. Tiketi ya kuzunguka dunia alikuwa hajawahi kuiuza, wala hakumjua mtu aliyewahi kuiuza. Hata hivyo hakusema hapana. Aliomba wiki moja. Walipomrudia walimkuta na kitabu cha nauli kinene kama tofali, kimejaa vipande vya karatasi kila ukurasa.

“Bi Olinda, Mzee Wilmar, kaeni,” akasema. “Inawezekana. Ila ina masharti yake. La kwanza, mkianza kwenda mashariki mnakwenda mashariki tu. Kurudi nyuma hakuna. La pili, lazima mvuke bahari zote mbili, ya Atlantiki na ya Pasifiki. La tatu, ndege zisizidi kumi na sita. La nne, mmalize kabla ya mwaka kwisha, na mmalizie hapa hapa kwetu.”

Wilmar alilitafakari lile la kwanza. “Ngoja kwanza, mwanangu. Unasema mtu anakwenda mbele, mbele tu, hageuki hata mara moja, halafu anafika kwake?”

“Ndivyo.”

“Najua dunia ni mviringo, tulifundishwa. Lakini sikujua kama kuna mtu anayeitegemea.”

Mireya akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu na yeye alikuwa hajawahi kulifikiria hivyo.

Olinda akakunjua karatasi yake, akaanza kusoma. Hapo ndipo Wilmar alipoanza kumjua upya mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na sita.

Olinda alikuwa opereta. Miaka ishirini na sita alikaa mbele ya ubao wa simu, vipokea sauti masikioni, mikono ikichomeka na kuchomoa nyaya, mpaka mwaka 1987 mitambo mipya ilipokuja kufanya kazi yenyewe na wanawake wote tisa wakaagwa kwa keki. Siku ya kuajiriwa aliapa kwamba asikialo ubaoni halitoki nje. Akaishika yamini hiyo hata nyumbani. Wilmar alipokuwa akimwuliza, “Kazini leo vipi?” jibu lilikuwa moja: “Watu wamezungumza.” Basi.

Sasa Mireya alikuwa anauliza kila mji una nini, ili ajue upi utapunguzwa, na Olinda anajibu bila kuangalia karatasi.

“Sydney wako mbele yetu saa kumi na tatu, na kumi na nne wakisogeza saa zao za kiangazi. Nilikuwa nawaunganisha watu wa huku jioni, kule wanakunywa kahawa ya asubuhi ya kesho. Leningrad, siku hizi wameubadili jina, ni wakati wa kujenga bwawa letu, walikuja mafundi Warusi na mitambo yao. Kulikuwa na mmoja, kila Jumamosi anampigia mkewe, hawasemi kitu, wanahesabu tu. Moja, mbili, tatu, kwa Kirusi. Nikaja kujua baadaye walikuwa wanamfundisha mtoto kuhesabu. Nami nikajua kuhesabu.”

Akahesabu mpaka kumi kwa Kirusi, pale pale, mikono imewekwa juu ya mkoba. Wilmar alimwangalia kama mtu aliyefungua kabati la nyumbani kwake akakuta mlango wa chumba kingine.

“Na Malmö?” Mireya akauliza. “Malmö ni tabu. Hakuna ndege ya moja kwa moja, mtashukia Copenhagen mvuke kwa boti. Tuufute?”

“Malmö haifutwi.”

“Kwa nini, mama?”

Olinda alikunja karatasi yake. Kisha akasema, “Bi Celina ameshafariki, Mungu amrehemu. Nadhani naweza kusema.”

Bi Celina alikuwa mshonaji aliyekaa nyuma ya kanisa. Wakati wa utawala wa wanajeshi mwanawe alikimbia, akaangukia Malmö, mbali kaskazini, kwenye theluji. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mama yule alikuja kituo cha simu na karatasi yenye maneno aliyoyaandika, asije akasahau. Olinda anamwunganisha. Mwana anasema, “Mama?” Basi, mama analia. Analia mpaka muda unakwisha, anarudi nyumbani na karatasi yake. Ilikuwa hivyo miezi saba.

“Mwezi wa nane,” Olinda akasema, “karatasi ilimdondoka kaunta. Yule mtoto bado yuko hewani, anaita mama, mama. Nikaichukua. Nikafungua laini yangu nikamsomea. Kwamba mbwa amekufa, kwa uzee, si kwa ugonjwa. Kwamba dada yake amejifungua. Kwamba avae soksi mbili mbili. Akaniuliza, ‘Wewe nani?’ Nikamwambia mimi opereta. Akasema, ‘Opereta, mwambie nimevaa.’ Tangu hapo Bi Celina akawa analia, mimi nasoma. Miaka sita.”

Mireya alikuwa ameshika kalamu hewani. Akaandika Malmö kwa herufi kubwa, akaizungushia duara, na hakuuliza tena.

Walipotoka, Wilmar alitembea naye mitaa miwili, mikono nyuma. Mwishowe akasema, “Miaka yote hiyo mimi nikikwambia habari za unga umepanda, unga haukupanda.”

“Nilizipenda habari za unga,” Olinda akamjibu. “Zilikuwa hazilii.”

Kazi ya kupunguza miji iliwachukua karibu mwezi mzima. Kila Jumanne na Alhamisi walikaa kwa Mireya na chupa ya maji ya moto, kibuyu cha mate kikizunguka baina yao watatu, na kitabu cha nauli katikati. Miji haikai kwa mstari kama shanga. Kila mmoja ukiingia, mwingine unadondoka. Paris ilitoka siku ya kwanza. “Paris wanakwenda wengi, haitanikosa mimi,” Olinda akasema. London ikatoka kwa sababu opereta wao alikuwa na kiburi. Caracas na Mexico zilitoka kwa machozi kidogo, kwa kuwa hazikuwa njiani. Hatimaye Mireya akaweka kalamu chini. “Ndege kumi na sita. Zimeenea. Niwapigie shirika la ndege kule Montevideo wathibitishe?”

Ndipo Wilmar, ambaye mwezi mzima hakuomba hata kituo kimoja, akakohoa.

“Binti yangu, nina swali la kijinga. Hapa chini yetu kuna nini?”

“Chini wapi?”

“Chini kabisa. Ukitoboa pale dukani kwangu, mbele ya tanuri, ukaendelea kutoboa mpaka utokee upande wa pili.”

Mireya akasukuma kitabu cha nauli kando. Mezani kulikuwa na bakuli la machungwa, maana ilikuwa msimu wake, na Salto msimu huo hakuna nyumba isiyo na bakuli la machungwa. Akachukua moja, akalichora mstari katikati kwa kalamu. Akaazima sindano ya kufumia kutoka kwa jirani. Kisha akawavutia karibu tufe la dunia lililokuwa dirishani, akasoma namba ndogo ndogo. “Sisi tuko digrii thelathini na moja na kitu kusini. Basi huko itakuwa thelathini na moja na kitu kaskazini. Halafu nusu duara…” Akaweka nukta ya wino kwenye chungwa, akasukuma sindano polepole. Juisi ikamtiririka mpaka kiwiko. Ilipotokeza upande wa pili akalinganisha na tufe, akalinganisha mara ya pili.

“China,” akasema kwa sauti ndogo. “Mzee Wilmar, ni Shanghai. Au karibu kabisa na Shanghai.”

Watatu hao wakalitazama lile chungwa. Miji mingi duniani, ukitoboa chini yake unatokea baharini. Wao walikuwa na mji.

“Sasa kule ni saa ngapi ninapokanda unga?” Wilmar akauliza. “Saa kumi za alfajiri?”

“Saa tisa alasiri,” Olinda akajibu upesi, kwa mazoea ya kazi. Kisha akaongeza, “Lakini Shanghai sijawahi kuipata. Hata mara moja. Hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuiomba.”

“Miaka thelathini na minane nimesimama pale,” Wilmar akasema. “Sehemu moja. Vigae vimelika kwa miguu yangu. Na wakati wote huo, chini yangu kuna mtu naye amesimama, kichwa kimeelekea huko, anaona yuko juu kama mimi ninavyoona niko juu.” Akainamisha uso, akaona haya. “Si lazima. Nilikuwa nauliza tu.”

Mireya aliihesabu orodha upya ingawa aliijua. Olinda akaivuta karatasi kwake, akaisoma kutoka juu mpaka chini, akachukua kalamu, akafuta Roma, akaandika Shanghai.

“Mama we, Roma usiiguse!” Wilmar akashtuka. “Si umesema kuna yule opereta aliyewaimbia Krismasi laini zilipojaa?”

“Aliimba. Nusu saa nzima, mpaka wasimamizi wetu wakaja kusikiliza.”

“Sasa?”

“Sasa sauti yake ninayo. Nitaifuata Roma kufanya nini? Wewe kule chini huna kitu.”

Kesho yake jioni Mireya alikuja nyumbani kwao mwenyewe, mbio, hakuvua hata koti. Montevideo walikuwa wamethibitisha. Lakini hilo silo lililomleta. Alikuwa amekwenda maktaba ya mji na kupima kwenye ramani kubwa. “Si mjini hasa,” akasema akihema. “Nukta yenyewe iko nje kidogo, upande wa mashariki. Ni majini. Ni mlango wa mto, mto wao mkubwa kuliko yote, unapoingia baharini, pana kisiwa cha matope jirani. Mzee wangu, chini ya mto wetu kuna mto.”

Wilmar alitazama sakafu ya jikoni kwa muda mrefu.

“Na jingine,” Mireya akasema, akikunjua karatasi ya ratiba. “Nilidhani wamekosea, nikawapigia tena. Hawajakosea. Auckland mnaondoka tarehe kumi na nne saa tatu usiku. Buenos Aires mnatua tarehe kumi na nne. Ile ile. Saa kumi na moja jioni.”

“Tunafika kabla hatujaondoka?” Wilmar akauliza.

“Saa nne kabla.”

Olinda alikaa kitini. Miaka yote aliunganisha leo na kesho kwa waya, akaona ni jambo la kawaida. Lakini kuwamo mwenyewe ndani ya ule waya, hilo hakulifikiria. Akashika mkono wa Mireya, akaubana.

Tiketi zilikuja mwezi wa tisa, vijitabu viwili vinene kama vitabu vya sala. Mwezi huo huo wakaondoka.

Malmö walimkuta mwana wa Celina, sasa ana mvi na duka la baiskeli. Olinda alipotamka “Halo” tu mlangoni, yule bwana akaegemea ukuta, akasema, “Opereta.” Walikaa naye siku tatu badala ya moja.

Shanghai walifika kukiwa na mvua nyembamba. Kijana wa hoteli akawatafutia boti ya kuwapeleka kisiwani, akamchorea nahodha njia kwa vidole, huku akiamini kabisa kwamba wazee hawa wamechanganyikiwa. Kisiwani palikuwa na matete tu, matope na ndege wa majini, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yaliyoenea mpaka yakaungana na mbingu. Ng'ambo haikuonekana. Wilmar alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka matope yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Akasimama.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota kaa alimwangalia, akamsemesha kwa lugha yake, pengine akimwonya kuhusu maji kujaa. Wilmar akavua kofia na kumsalimu. Kisha akarudi kutazama maji, na Olinda akamwita kutoka kwenye matete.

“Mzee wangu! Maji yanapanda!”

Hakugeuka. Olinda akasubiri kidogo. Kisha akaweka mkoba wake juu ya kichaka cha matete, akavua viatu na soksi zake ndefu, akamfuata huko huko, akilalamika kila hatua. Wakasimama pamoja mpaka mwenye boti alipopiga honi mara ya tatu.

Jioni ile, hotelini, walifua nguo zenye matope kwenye beseni, wakaanika soksi dirishani. Zilikuwa zimebaki ndege sita mpaka nyumbani.