Shati Lililooshwa Kama Maiti

Nilipokuwa mtoto, siku furushi lilipofunguliwa uani kwetu, karibu na Nangurukuru, tulikuwapo watu watano. Alikuwapo bibi yangu mzaa mama, Mwanaisha binti Selemani, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake kijijini. Alikuwapo mama yangu, Fatuma binti Hamisi. Alikuwapo kaka yake, mjomba Athumani Hamisi, aliyelileta furushi kutoka Lindi. Alikuwapo dada yangu, Somoe. Wa tano ni mimi.

Ndani mlikuwa na nguo kuukuu za ng'ambo. Zama zile tuliziita kafa-Ulaya, na wengi waliamini hivyo hasa, kwamba kila nguo imevuliwa maiti na mwenyewe anaifuata. Mjomba alinirushia shati la buluu. Bibi akalidaka kabla yangu.

"Halivaliwi hili mpaka nilioshe," alisema. "Mwenyewe atakuja kulidai."

"Mama, Mzungu huyo atapanda meli gani?" mjomba akauliza. "Na njia ya kwetu ataonyeshwa na nani?"

"Cheka tu, Athumani. Wewe huwaoshi."

Aliliosha namna aliyoijua: maji ya majani ya mkunazi, kisha ya karafuu maiti, kisha maji matupu. Mama alitaka kulichemsha. Bibi akakataa, maiti haichemshwi. Hakulikamua wala hakulianika juani. Alililaza mkekani nyuma ya jiko, kivulini, kwa heshima. Nililivaa lingali na unyevunyevu, likinuka msiba.

Baada ya siku chache mgongo wangu ulijaa majipu. Somoe alinifunua akayatazama, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "kuna kitu kinatembea ndani."

Nilikuwa nakihisi. Kilikuwa kikinikwaruza taratibu chini ya ngozi, kikatulia, kikaanza tena. Niliamini kwamba mwenye shati amefika, na kwamba yumo mwilini mwangu. Sikulia. Niliogopa akinisikia atazidi kunikwaruza.

Bibi alinivua lile shati, akalitandaza mapajani pake, akalisemesha.

"Wewe mwenye shati, huyu ni mtoto. Ukidai mtu, nidai mimi."

Alisema kama anayezungumza na mtu aliyeketi mbele yake, akangoja kujibiwa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wowote.

Mjomba alinipakia kwenye baiskeli, safari hii bila mzaha, akanipeleka zahanati. Dresa alinipaka mafuta mazito juu ya majipu, akasubiri, akaminya. Wakatoka funza, weupe, wanene.

"Nguo aliyokuwa akivaa ilianikwa wapi?" akauliza.

"Kivulini," mjomba akajibu.

"Nzi hutaga kwenye nguo mbichi ya kivulini. Ichemsheni, ianikeni juani ikauke kabisa, kisha mpige pasi ndani na nje. Msisahau mishono."

Mama alifanya hivyo kwa furushi zima. Harufu ya pasi ya mkaa ilijaa uani, na nyumba ikaanza kucheka tena. Bibi peke yake hakucheka. Aliniita pembeni.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "na hao nzi, nani kawatuma?"



Leo nanunua mitumba kama watu wote, na jina la kafa-Ulaya vijana hawalijui. Sivai nguo kabla haijapita maji ya moto, jua na pasi, na wajukuu wangu nimewafundisha hivyo. Habari ya nzi naielewa na inanitosha. Hata hivyo, shati la mtumba nikilivaa kwa mara ya kwanza, sikai chumbani peke yangu. Nimejaribu pia kumwelewa bibi, aliyeamini kwa moyo wote kwamba yupo anayedai, na bado akajitaja yeye. Hilo dresa hakulieleza, wala mimi siwezi.

Wakati ule mgongo wangu ulikuwa haujapona vizuri. Bibi Mwanaisha binti Selemani alifariki Ijumaa iliyofuata ile siku aliyolisemesha shati.