Ukanda wa Gia ya Pili

Kila nikipita kwa fundi wa pancha pale Mikumi, jua likiwa kali na zile tyubu zimening'inizwa nje, harufu ya mpira uliopata joto hunisimamisha. Fundi hudhani nina gurudumu bovu, hunitazama miguuni kama vile nimekuja na baiskeli. Kumbe mimi nimesharudi Kilangali, nina miaka tisa, na baba yangu yuko hai.

Baba alikuwa dereva wa trekta la Mzee Kibwana, mwenye mashamba ya mpunga. Lilikuwa trekta zee, na baba aliliuguza kama mtu. Alipenda nikae karibu akilitengeneza, ingawa mama alinung'unika kwamba binti anayenuka oili hataolewa.

"Gia ikikataa kuingia, usiilazimishe," alikuwa akiniambia. "Tazama klachi kwanza, halafu pima oili ya gia boksi. Lakini ikiingia vizuri kisha ikaruka yenyewe, ugonjwa uko ndani. Hapo mpaka ifunguliwe."

Mwaka ule gia ya pili ikaanza kuruka. Baba alirekebisha klachi, akaongeza oili, ikaruka vilevile. Nilikuwa naye alipokwenda kwa mwenye trekta.

"Shikamoo, mzee. Gia boksi inabidi ifunguliwe."

"Marahaba. Mpunga umelala shambani, ndege wanaumaliza, wewe unataka kunilazia trekta? Funga mpira, tumalize msimu."

Kufunga mpira ndiyo iliyokuwa dawa ya madereva wa kwetu. Unakata ukanda wa tyubu, unaingiza gia, unauzungusha kwenye mkono wa gia, unauvuta na kuufunga kwenye chuma cha kiti. Gia inatulia. Baba aliufunga na kuufungua kwa mkono mmoja, upesi kuliko mama anavyojifunga kanga. 

Sasa niseme langu. Sisi wasichana tulikuwa na kamba ya kurukia, vipande vya tyubu vilivyoungwa, na yetu ilikuwa fupi, kila aliyeruka ilimchapa kisogoni. Jumamosi moja asubuhi, trekta likiwa uani kwetu na baba ndani anakunywa chai, nilipanda nikaufungua ule ukanda. Nilijiambia nitaurudisha kabla hajatoka. Kamba ikawa ndefu, niliruka siku ile kuliko siku zote, nikasahau. Naona haya kusema kwamba nilifurahi sana. Trekta likawashwa, likaondoka, nami nikaendelea kuruka.

Njia ya kutoka shambani inashuka korongoni. Tela likijaa magunia, breki peke yake hazifui dafu. Trekta hushikwa na gia. Ile ya pili iliruka katikati ya mteremko, mzigo ukalisukuma trekta, vyote vikatumbukia. Walipomfikia baba alikuwa ameshakata roho. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeng'ang'ania gia, wakaubandua kidole kimoja kimoja. Watu walilizungumza hilo msibani, wakisema dereva yule alikufa kazini. Mimi nilikwenda nikaitumbukiza kamba chooni, nikanyamaza.

Nilinyamaza mpaka nikawa mtu mzima, nikiamini nimemuua baba yangu. Nilipoanza kazi nilimwuliza fundi mmoja wa matrekta, Kilosa mjini. Akaniambia mpira hauponyi kitu: meno ya gia yakishalika yataruka tu, na mpira unauficha ugonjwa mpaka siku ya mzigo mkubwa. Nilimshukuru. Lakini siku ile baba hakuwa na hata huo mpira, na hilo fundi hakulijua.

Mwaka jana nikamwambia mama nilichokifanya. Alikuwa anapeta mchele, hakuinua kichwa.

"Najua," akasema. "Baba yako aliuona ule ukanda kwenye kamba yenu alipotoka. Nikataka nikuite, uulete, na fimbo juu. Akanizuia. Akasema, mwache mtoto aruke, leo gia nitaishikilia kwa mkono."

Miaka yote hiyo nilidhani aliondoka bila kujua, kumbe alipita karibu yangu akijua, na hakutaka kunikatiza. Usukani aliuachia mkono mmoja kwa sababu yangu. Sijui kama hilo linanipunguzia au linaniongezea.

Mama alitua ungo. Ndipo nikaelewa kwa nini tangu msiba ule hakuwahi kunichapa, hata nilipostahili.

"Ningekuita tu, mwanangu," akasema. "Kila siku najiambia hivyo. Ningekuita."