Barua ya Tabia Njema ya Kisilu

Nilikuwa karani wa chifu huku Kathonzweni kwa miaka ishirini na mbili, na hakuna mtu aliyenichosha kama Kisilu wa Mbuvi. Si kwamba alikuwa mkorofi. Alikuja ofisini, akaketi kwenye benchi, akangoja hadi kila mtu ahudumiwe. Mlevi unaweza kumfukuza. Mtu kama huyo utamfukuzaje?

Niseme kwanza alichofanya, kabla sijamwonea huruma. Mwaka wa 1969 alimbaka Kalondu, binti wa Mzee Mutie, alipokuwa akitoka mtoni kuchota maji. Kalondu alikuwa na miaka ishirini. Hakuna aliyebisha kwamba ilitokea, hata Kisilu mwenyewe.

Wazee wa utui, yaani wa kijiji, walikaa siku mbili. Kisilu akatozwa mbuzi saba na fahali, Mzee Mutie akapokea, mbuzi mmoja akachinjwa wa kutakasa, watu wakala pamoja. Kwetu mtu akikiri na kulipa maneno yamekwisha, na anayeyafukua ndiye mkosaji. Lakini mwalimu mmoja alikuwa amekwisha kupiga ripoti polisi, na kesi ikaitwa.

"Wewe sema ndiyo tu," wazee wakamwambia Kisilu. "Hakimu akisikia tumemaliza, atafunga faili."

Akasema ndiyo hata kabla shtaka halijasomwa likaisha. Akapewa miaka saba na kazi ngumu. Wazee wakarudi nyumbani wakiuliza hii ni serikali gani.

Alipotoka mwaka wa 1974, baada ya kupunguziwa theluthi ya kifungo, alitoka na karatasi: kwa miaka mitano aripoti polisi kila mwezi, na asihame wala kulala mbali bila kibali. Barua za kuomba vibali nilimwandikia mimi. Mjomba wake alipofariki Migwani, alifika kaburi limeshafukiwa, kwa sababu afisa wa kutia sahihi alikuwa likizo. Miaka mitano ilipokwisha akaniletea kuku wa shukrani. Alidhani ameachiliwa. Nilimla yule kuku na sikumwambia kwamba alama zake za vidole zimekaa Nairobi na hazina mwaka wa kustaafu.

Mwaka wa 1988 sekondari yetu ya harambee ilitafuta mtu wa kuleta maji kwa punda. Ukame wa themanini na nne ulikuwa umemmalizia Kisilu ng'ombe wote, wakabaki punda wanne, na watoto wake wawili walikuwa nyumbani kwa kukosa karo. Kazi ile ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo chake. Lakini mkuu wa shule alitaka cheti cha tabia njema kutoka polisi. Kisilu akatiwa wino vidole vyote kumi, akangoja miezi minne. Karatasi ikarudi na mstari mmoja: kosa, kifungu cha sheria, mwaka.

"Karani, hii maneno si iliisha?" akaniuliza. "Nimelipa mbuzi, nimefungwa, nimeripoti. Sasa nilipe nini tena?"

"Kwa serikali haiishi, Kisilu."

"Wangeniambia siku ile."

Chifu wetu hakupenda kumwambia mtu hapana. Akasema Kalondu akikubali, yeye ataandika barua, na kamati ya shule itaipokea badala ya cheti. Akanituma mimi. Kazi ngumu huwa ni za karani.

Nilimkuta Kalondu na mwethya, kile kikundi cha akina mama wa kusaidiana, wakichimba matuta shambani kwa jirani. Binti yake Muthoki alikuwa kidato cha kwanza katika shule ile ile. Nilimwita kando.

"Mama Muthoki, Kisilu anaomba kazi ya maji kwa shule. Chifu anauliza kama unakubali."

Aliweka jembe chini. "Chifu ananiuliza mimi?"

"Wewe."

"Wazee wakikaa, mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Mbuzi zikaenda kwa baba. Siku ya korti nilivaa nguo ya kuazima, nikakaa nje nikingoja kuitwa. Askari akaniambia nirudi nyumbani, huyo mtu amekubali makosa." Alinitazama. "Miaka kumi na tisa, Musyoka. Wewe ndio wa kwanza kuniuliza."

Niliona aibu. Nyama ya ile siku mimi pia nilikula.

"Na unasemaje?"

"Nakataa. Muthoki anachota maji kwa hiyo tangi. Andika ni mimi nimesema, sio baba, sio wazee."

Nikaandika hivyo hivyo, akaweka kidole gumba.

Kesho yake Kisilu alikuja, akangoja zamu yake, nikamsomea. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, hata niliutamani. Lakini yeye akauliza tu, "Amesema yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mimi sijawahi kuongea na yeye tangu ile siku," akasema. "Hata pole sijamwambia. Nilikuwa najua nimeshalipa yeye."

Nilimwambia aende nyumbani, na kazi ya maji ikapewa mtu mwingine.