Mpangaji Ndani ya Mashine ya Wachuka

Wachuka, binti ya Hezekiah mchora ramani za nyumba, alikuwa na tabia ambayo watu wa mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, waliisifu bila kuijua sababu yake. Kila siku ya kazi, baba yake akiwa bado anakunywa chai kule nyumbani Ruring'u, yeye alikuwa ameshafungua chumba chao cha kazi karibu na msikiti, amewasha mitambo na kuketi. Wenye vibanda walisema mtoto ndiye huyo, si wale wao wanaoamka jua likiwa utosini. Laiti wangejua. Wachuka aliwahi kwa sababu kama baba yake angefika kwanza na kubonyeza swichi ya kompyuta yake, hakuna kitu kingewaka. Sanduku la kompyuta lililokuwa chini ya meza ya mzee lilikuwa tupu.

Mambo yalianza hivi. Wachuka alikuwa Nairobi akitengeneza picha za majengo ambayo hayajajengwa, zile zinazomwonyesha mteja sebule yake na jua likiingia dirishani wakati shamba lenyewe bado lina mahindi. Kampuni ilipofungwa, akarudi Nyeri na nguo zake pamoja na kompyuta kubwa aliyoiunda mwenyewe kipande kwa kipande. Alikuja kukaa mwezi mmoja tu, apumzike, ajipange. Baba yake akampa meza nyuma ya pazia.

Msimu wa mvua, Hezekiah akiwa Kagio kumzika binamu yake, umeme ulipotea, kisha ukarudi kwa kishindo na kuiunguza kompyuta ya mzee. Kilichopona ni diski peke yake. Na katika diski hiyo mlikuwa na programu ya kuchorea ambayo Hezekiah aliinunua zamani kwa muuzaji aliyekwisha kufunga duka. Leseni yake iliitambua kompyuta ile moja tu, kama mbwa wa boma anavyomtambua mwenyewe. Isitoshe, mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Kwenye karatasi hakuweza tena kupiga mstari ukanyooka, lakini programu ilimnyooshea. Bila hiyo angekuwa mzee wa kukaa uani akihesabu kuku.

Wachuka, ambaye kwa kompyuta hababaiki, aliichukua diski ile akaichomeka kwenye mashine yake. Ndani ya Linux, mfumo ulioendesha mashine yake, akaunda kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya nyingine kama mpangaji kwenye chumba cha kukodi. Hakusakinisha chochote upya. Windows ya mzee iliamka kutoka diski yake ile ile, na Wachuka akaiandikia nambari za utambulisho za kompyuta iliyoungua. Leseni ikanusa, ikaridhika.

Ikabaki shida moja. Nyumba inayozungushwa kwenye skrini hutaka nguvu ya kadi ya picha, na mpangaji wa namna hii kwa kawaida hupewa makombo. Wachuka akaivua Linux kadi yake kubwa, ile iliyokuwa ikimpa yeye ugali, akamkabidhi mpangaji aitumie moja kwa moja. Yeye akabaki na uwezo mdogo wa picha uliomo kwenye prosesa, unaotosha kuandika barua. Nyaya za skrini, kibodi na kipanya cha mzee akazipitisha chini ya pazia. Nyumba ya kwanza ilipozunguka bila kukwama, alicheka peke yake kwa furaha.

Hapo ndipo mwerevu wa kompyuta alipogeuka mjinga wa mdomo. Lile sanduku tupu alilirudisha mahali pake ili meza isionekane imeporwa. Hezekiah aliporudi kutoka Kagio na habari za umeme ameshazisikia njiani, alikuta picha ya marehemu mkewe kwenye skrini na mafaili yake pale pale alipoyaacha. Akavua kofia akasali, akamshukuru Mungu kwa kuilinda. Wachuka akasema moyoni, wacha anywe chai kwanza, kisha nimwambie. Chai ikanywewa, akaingia mteja, jioni ikafika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia ni la Wachuka.

Ni lazima ujue jambo moja. Kwa Wagikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na baba humwita Maitu, yaani mama yangu, wala si mzaha. Hezekiah alimwita Wachuka hivyo tangu binti akiwa mdogo wa kukojoa kitandani. Alimlalamikia baridi kama anayemlalamikia mama, akamwachia kipande kikubwa cha ngwaci, kile kiazi kitamu, akamngoja ndipo aanze kula. Utamdanganyaje mtu anayekuita hivyo? Na ukishamdanganya, utamwachaje?

Basi Wachuka akakwama. Mchana kutwa kadi yake ilikuwa ya mzee, kwa hiyo kazi za picha alizikataa moja baada ya nyingine. Kuizima mashine hakuweza, maana kuizima ni kumzima baba yake katikati ya ukuta. Siku ambayo kadi iligoma na skrini ya mzee ikawa nyeusi, alisingizia umeme mdogo. Harusi za rafiki zake hakwenda, maana zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Akajaribu ujanja wa kumshauri baba anunue kompyuta mpya. Hezekiah akacheka, akauliza ya nini na yake ni nzima, kisha akawa anawasimulia wateja habari za kompyuta iliyoushinda umeme wa mvua. Nduta, mdogo wake Wachuka, muuza mchele wa Wang'uru, alipopigiwa simu alisema kwamba Wachuka hana mtoto anayemlilia, basi akae na baba. Kuna siku alikaa nyuma ya pazia akihisi hewa ya chumba imekwisha. Alimpenda baba yake, na alichoka naye.

Mwezi wa saba Hamdi alipiga simu. Hamdi ni mwenzake wa chuo, mtoto wa wafanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, na alikuwa anafungua studio ya picha za hoteli na nyumba. Chumba alikuwa nacho, wateja walikuwa wanangoja, alichotaka ni Wachuka na mashine yake. Angekuja na pikapu Jumamosi. Kama hapana, angemchukua mtu mwingine.

Ijumaa alasiri, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, Wachuka alisimama kando ya meza ya baba yake akamweleza habari za Nanyuki. Hezekiah alikuwa anachora ngazi. Hakugeuka.

“Enda, Maitu,” akasema. “Nani amekushika? Beba mashine yako. Mimi niko na yangu.”

Wachuka alipiga magoti, akalivuta lile sanduku, akalifungua ubavu. Ndani mlikuwa na vumbi tu. Akayasema yote kwa pumzi moja, umeme, diski, nambari, kadi, pazia, huku machozi yakimtoka.

“Najua,” Hezekiah akasema. “Hiyo kitu ilikuwa inanipasha miguu wakati wa baridi. Tangu nitoke Kagio, miguu yangu ni barafu.”

“Na ukanyamaza, Baba?”

“Wewe ndio ulinyamaza kwanza. Nikaona, huyu akijua najua, ataenda. Nikaacha tu.”

Hasira ikampanda Wachuka. Miezi yote hiyo alijiona mlinzi wa mzee, kumbe mzee ndiye aliyekuwa mlinzi, na funguo alikuwa nazo. Hezekiah akahifadhi ngazi yake, akaizima Windows mwenyewe, skrini ikafa. Akamwambia sasa abebe. Kisha akatoa penseli kwenye droo, akaweka rula juu ya karatasi na kupiga mstari. Mstari ukaruka rula, ukapinda. Akapiga mwingine, nao ukapinda. Kama ilikuwa hila au kweli, pengine hata yeye hakujua. Akavaa kofia, akaenda nyumbani.

Jumamosi Hamdi alikuja na pikapu, akamkuta Wachuka mlangoni mikono mitupu. Akamsikiliza, akasema dawa ipo: mzee atafutiwe kompyuta nyingine na diski ihamishiwe huko, na kwa wiki chache za kungoja hatakufa. Wachuka alijua ni kweli. Yeye mwenyewe angeweza kuyafanya hayo macho yamefumbwa. Lakini kila alipofikiria kubeba, aliuona ule mstari uliopinda. Hamdi akamuuliza basi ni nini hasa kinachomshika. Siku zote Wachuka alikuwa na jibu lake moyoni, kwamba ni uongo ule. Sasa uongo ulikuwa umekwisha, na bado hakusogea pale mlangoni. Pikapu ikarudi Nanyuki bila mzigo.

Jumatatu alifungua chumba mapema kama kawaida, akamwasha mpangaji. Sanduku tupu alikuwa amempa muuza vyuma chakavu, na pazia ameliondoa. Hezekiah akaingia, akamsalimu Maitu, akasogeza kiti chake hadi karibu na meza ya bintiye. Akavua viatu, akanyoosha miguu mahali mashine ya Wachuka inapotolea hewa ya moto, akaendelea na ngazi yake.